Homa Ilirudi, Nami Nikarudi Kuketi

Masika ya kwanza baada ya reli kufika Dodoma, mji mzima ulijua kwamba Fundi Apu ameketi. Si kuketi kwa kupumzisha mgongo kama mimi na wewe. Alijifungia katika kibanda chake nyuma ya karakana, akakunja miguu, akafumba macho, na asingeinuka mpaka mvua ikatike. Hali, hanywi, halali. Muuza karanga wa stesheni aliapa kwamba buibui wamemfumia utando kutoka sikio hadi sikio, na panya wanapita magotini pake wakielekea sokoni na kurudi. Mvua ilipokatika, Fundi Apu akaonekana tena mjini, amekonda, ndevu zimemfika kifuani, na neno lake la kwanza, walisema, lilikuwa kuuliza nani kachukua nyundo yake.

Mimi niliyaamini yote, hata ya panya. Kwanza, mimi ni mtu mwepesi wa kuamini. Pili, niliona kwa macho yangu. Katikati ya masika nilichungulia kwenye ufa wa ule ukuta wa mbao. Mle ndani mlikuwa na giza, lakini niliona mabega na kofia, vimetulia kuliko jiwe. Kesho yake nikachungulia tena: vilevile, hata upana wa unywele havijasogea. Nilitimua mbio kwenda nyumbani kumweleza mke wangu, na nakuhakikishia kwamba jioni ile treni ya Mdachi isingeniona hata vumbi.

Huyu Fundi Apu ni seremala wa reli, mtu wa Selani, kisiwa cha ng'ambo huko kusini mwa Bara Hindi. Ni Mbudha, yaani anafuata mafundisho ya Buddha, na sehemu kubwa ya mafundisho hayo, kwa jinsi nilivyoyapokea mimi, ni kuketi kila siku ukaitazama pumzi yako mpaka moyo utulie. Mimi naitwa Ndahani, Mgogo, mpiga randa katika karakana hiyohiyo, mhitimu wa shule ya usiku ya misheni na mwenye cheti chenye muhuri. Naandika haya kwa ajili yako wewe unayetetemeka sasa hivi chini ya mablanketi matatu wakati jua linapasua mawe. Na hasa naandika kwa ajili yako uliyeianza njia hii ya kuketi, ugonjwa ukakuangusha, na sasa unaona haya kuanza upya. Usione haya. Mimi nimeanza upya mara nyingi kuliko nywele nilizobaki nazo kichwani.

Ugonjwa wenyewe ni homa ya papasi, wale kupe wa sakafuni wanaouma usiku. Niliupata kiangazi, nilipokwenda Haneti kuwasalimu wakwe. Njiani nililala katika kibanda cha kambi ya zamani ya misafara, na papasi wa kambi za misafara, ndugu yangu, wana ukoo mrefu kuliko wa watemi. Nadhani walipeana taarifa kwamba mkwe wa watu amefika. Nilirudi kazini mzima. Siku chache baadaye nikiwa nakata mbao, msumeno ukaanza kucheza ngoma peke yake.

"Ndahani," Fundi Apu akasema bila kuinua kichwa, "leo unakata mbao au unazipepeta?"

"Nasikia baridi, Fundi."

Akanigusa paji la uso, akautoa mkono haraka kama aliyegusa jungu la moto. Alinilaza juu ya maranda, yale mabaki laini ya mbao, akanifunika kwa turubai. Meno yangu yaligongana mpaka watu wa stesheni wakadhani treni inakuja. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Nikamwambia nakufa.

"Labda," akasema. "Lakini hivi sasa unapumua. Fuata hiyo pumzi. Ikiingia, ujue imeingia. Ikitoka, ujue imetoka."

"Halafu?"

"Halafu hiyohiyo."

"Hakuna maneno ya siri?"

"Ukitaka siri, nenda kwa muuza karanga."

Nikafuata pumzi. Haikupunguza homa hata kidogo, nisikudanganye. Ila kati ya pumzi moja na nyingine palikuwa na mahali padogo ambapo sikuwa naogopa. Padogo kama punje ya uwele, lakini palikuwepo, na nilifurahi kama mtu aliyekuta kisima nyikani. Kuanzia siku ile nilimwomba Fundi anifundishe sawasawa, naye akanifundisha wakati wa chakula cha mchana huku akitafuna karanga. Alikuwa mwalimu mwenye manung'uniko. Alinung'unikia ubao uliopinda, alinung'unikia chumvi, alinung'unikia magoti yake mwenyewe. Kwao, alisema, kuna neno, viriya, nalo ni juhudi, ila juhudi ya mtu anayependa anachokifanya. Mwenye kununa hana viriya hata akijipinda mgongo. Niliinamisha kichwa kwa heshima, lakini sikuelewa.

Homa ikaondoka. Nikachinja jogoo. Mama yangu, ambaye anakaa nasi, akapiga vigelegele, mke wangu Nyemo akapika ugali mwingi kama kichuguu, na jirani zetu wakala wakanisifu. Halafu, supu ya yule jogoo ikiwa bado kidogo kwenye chungu, homa ikarudi.

Hapo ndipo penye hila ya ugonjwa huu, nawe huenda unapajua. Unakuangusha, unakuacha, unakungoja ucheke, unarudi. Kituoni kwa daktari wa serikali walinipa kwinini. Kwinini ilinifanya nisikie kengele za misheni zote za Ugogo zikilia kwa pamoja, lakini papasi walikuwa wameniachia kitu kisichoogopa kengele. Macho yakawa manjano. Miguu ikawa ya korongo. Nilikuwa mwembamba kila mahali isipokuwa ubavu wa kushoto, ambako bandama ilivimba mpaka mlinzi wa karakana akanisimamisha getini akidhani nimeficha kibuyu ndani ya shati. Nywele zilitoka kwa vishungi. Binti yangu Mboni alinitazama asubuhi moja akamuuliza mama yake, "Babu huyu ataondoka lini?"

Niliketi kila homa iliponiacha, na iliporudi nikashindwa, na ilipoondoka tena nilijikuta nimerudi mwanzo kabisa, siwezi kufuata hata pumzi tatu bila kufikiria nyama. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko bandama. Mwili ukirudi nyuma, sawa, mwili ni wa papasi. Lakini kale kamahali kadogo kasiko na woga kalikuwa kangu, nami nilikuwa nakapoteza.

Kisha Fundi Apu akahamishiwa pwani kwa muda, kwenda kutengeneza mabehewa. Nilimsindikiza hadi stesheni, nikiegemea fimbo. Treni ilipoanza kusogea alitoa kichwa dirishani akasema neno moja, "Usiache!"

Nililisikia vizuri. Tatizo ni kwamba mimi neno dogo halikai kwangu likabaki dogo. Nilipofika nyumbani, "usiache" lilikuwa limeota mikono na miguu. Fundi aliketi masika nzima bila kuinuka, sivyo? Basi hiyo ndiyo maana yake. Mimi nilikuwa mvivu. Nilikuwa nakuonja tu kuketi, kama mtu anayeonja mchuzi. Masika ilikuwa imekaribia, mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa mashariki, nami nikatangaza mbele ya familia yangu kwamba mvua ya kwanza ikigusa ardhi nitaketi, na sitainuka mpaka homa iombe radhi. Tena sitakula baada ya jua la utosi, kwa sababu Wabudha hufanya hivyo siku ya mwezi mpevu. Wao ni siku hiyo tu. Mimi nitafanya kila siku.

"Utakula saa ngapi basi?" Nyemo akauliza.

"Asubuhi."

"Asubuhi unatapika."

"Basi sitakula."

Mama yangu akaanza kulia. "Mwanangu amelogwa na seremala," akasema. Alitaka nipelekwe kwa mganga wa Nzuguni aliyejua kuondoa mambo ya kigeni. Nyemo hakulia. Alichukua jembe akaenda shambani, kwa sababu mvua hainingoji mimi, na uwele haujioteshi wenyewe. Mvua ya kwanza ilipogusa ardhi alipanda peke yake, na mimi nimekunja miguu pembeni mwa tembe letu kama chungu kilichosahauliwa.

Siku ya kwanza niliketi kwa utukufu. Siku ya pili niliketi kwa hasira. Siku ya tatu homa ikanikuta nimeketi, tumbo tupu, nikaona kuta zinanikaribia, nikaona Fundi Apu mwenye utando wa buibui ananitikisia kichwa, halafu sikuona tena. Niliinama mbele nikaangukia uso mzima ndani ya chungu cha mlenda. Kama hujui mlenda, ni mboga inayoteleza kuliko samaki kambale. Nyemo alinitoa mle kwa kunivuta masikio. Mama alisema mlenda wote uliingia puani, lakini mama anapenda kutia chumvi. Mimi nakadiria nusu.

Baada ya hapo niliacha kila kitu. Sikuketi. Sikwenda kwa daktari, maana kwinini ilikuwa kengele tupu. Niligeukia ukuta. Watu walipokuja kunijulia hali nilijifanya nimelala. Nakueleza haya kwa sababu huenda ndipo ulipo leo. Homa ya papasi inaua, lakini mtu aliyegeukia ukuta huifanyia nusu ya kazi.

Asubuhi moja Nyemo akaingia na kibuyu cha kukamulia mkononi.

"Baba Mboni, umekufa au umenuna?"

"Nimeshindwa."

"Umeshindwa nini?"

"Kuketi. Fundi aliketi masika nzima. Mimi siku tatu tu nimeangukia mboga."

Alijaribu kujizuia asicheke. Mabega yalimcheza, akaweka kibuyu chini, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta macho kwa upande wa nguo.

"Nikimwambia yule ng'ombe wetu anipe leo maziwa ya masika nzima, atanifanyaje?"

"Atakupiga teke."

"Na nikisema jana alinipa kidogo, basi nisimkamue tena, nimeona aibu?"

"Kiwele kitavimba. Halafu maziwa yatakauka."

"Hayo unayajua?"

"Kila Mgogo anayajua."

"Na cheti cha shule ya usiku ni chako au cha ng'ombe? Inuka."

Alinitoa nje kwa kunikokota, akatandika ngozi kando ya mlango wa zizi, akaniketisha. Amri yake ilikuwa fupi. Yeye akianza kukamua, nami nianze. Akimaliza, niache, ninywe maziwa yakiwa bado na joto, na nisimletee habari za jua la utosi. Akachuchumaa ubavuni mwa ng'ombe. Maziwa yakagonga kibuyu, chwaa, chwaa. Nikafuata pumzi. Ndama akanilamba sikio. Ng'ombe akafanya tendo ambalo ng'ombe hulifanya bila kuomba radhi. Nikafuata pumzi. Chwaa, chwaa, kibuyu kikaanza kubadili sauti kadiri kilivyojaa, na kabla sijatosheka Nyemo akasema, "Nimemaliza."

Nikajikuta nasema, "Tayari?"

Angalia hapo, ndugu yangu. Kwa mara ya kwanza tangu Fundi aondoke, nilikuwa nimeinuka nikiwa bado nataka. Usiku ule nililala nikiwaza zizi la kesho kama mtoto anavyowaza arusi. Nadhani hiyo ndiyo viriya, na iliingia kwangu kwa mlango wa ng'ombe.

Homa ilirudi tena, bila shaka. Safari hii nililala palepale juu ya ngozi nimefunikwa gubigubi, nikafuata pumzi mbili, labda tatu, kisha nikapotea kabisa. Nilipozinduka nilianza kuomboleza kwamba nimeharibu.

"Hata ng'ombe kuna siku anatoa vijiko viwili," Nyemo akasema. "Tunashukuru, tunafunga zizi. Kesho tunakuja."

Na kesho tukaja. Mama naye akaanza kuja, na karanga zake za kubangua, akisema anakuja kumlinda mwanawe asiibwe roho. Baada ya siku kadhaa nikamsikia akimwambia jirani, "Kuketi kwao huku hakuna ubaya. Wananyamaza kidogo, nami napata kusikia masikio yangu."

Mvua zilipoanza kupungua nilikuwa na nguvu ya kutosha kupandishwa punda, na Nyemo akanipeleka tena kwa daktari. Nikasema kwinini siitaki. Akasema siendi kwa ajili ya ninachotaka.

Kibaraza cha daktari kilijaa. Pale unajifunza subira kuliko katika kibanda chochote. Kuna mabenchi mawili, na la tatu ni sakafu. Kila mtu anamtazama mwenzake akipima nani ana hali mbaya zaidi, kwa sababu aliye taabani huitwa kwanza, na kila mtu anataka kuitwa kwanza bila kuwa taabani. Kando yangu alikaa mzee wa Nzuguni aliyeumwa jino, shavu limevimba kama boga, lakini mdomo haukuvimba hata kidogo. Alishampa kila mtu jina la ugonjwa wake kabla daktari hajaamka.

Nikasikia msaidizi wa daktari, Bwana Salumu, akisema kuna dawa mpya ya homa yetu, ya manjano, inayoingizwa kwa sindano mshipani. Sindano aliionyesha kwa vidole. Kwa makadirio yangu ilikuwa na urefu wa mpini wa jembe. Nikafumba macho, nikatafuta sauti ya maziwa kichwani, nikafuata pumzi.

"Huyu amekata roho," mzee wa Nzuguni akatangaza.

"Hajafa, babu," Nyemo akasema. "Anafuata pumzi yake."

"Kwani imekimbilia wapi?"

Kibaraza kizima kikacheka, hata mama mmoja aliyekuwa amejikunja kwa maumivu, na mimi nikacheka macho yakiwa yamefumbwa, na pumzi ikapotea, nikaipata tena ikiwa imelegea na tamu. Mama yule akatoa uji katika kata yake akanipa nionje. Sikumjua jina. Ule uji naukumbuka kuliko yule jogoo wangu mzima.

Sindano waliichoma. Nilitapika, nikatetemeka, nikamtukana Bwana Salumu kwa Kigogo, naye akanijibu kwa Kigogo safi kwamba anamjua mama yangu na atamwambia. Nikarudishwa nyumbani juu ya punda. Kisha tukaingoja homa.

Tuliijua tabia yake. Ilipokaribia wakati wake wa kurudi, mama akatayarisha mablanketi na Nyemo akachota maji ya kunikanda. Nikaketi mlangoni kama mtu anayemngoja mkwe mkorofi. Siku yake ikaja. Homa haikuja. Kesho yake haikuja. Sikuchinja jogoo, nilishaogopa kuchinja jogoo. Asubuhi zote hizo niliketi kando ya zizi, ng'ombe akatoa alichotoa, nami nikatoa nilichotoa. Uwele ukakomaa. Nyemo akaanza kuvuna, nami nikamfuata nyuma kwa magoti ya mzee wa miaka mia nne, nikivuna masuke mawili akivuna kapu. Mkanda ukarudi tundu moja, kisha jingine. Mboni akaniita baba, halafu akaomba nimbebe, nikambeba mpaka kwenye mti wa uani na kurudi, nikaanguka kitandani nikilia kwa furaha, mama akidhani homa imerudi.

Hadi leo haijarudi. Nawe ukiweza, nenda kwa daktari kwanza. Kuketi hakuui alichokuachia papasi. Lakini miezi ile yote kuketi kulinibeba mpaka sindano ikanikuta hai na mwenye kucheka.

Upepo wa kipupwe ulipoanza kuvuma, Fundi Apu akarudi kutoka pwani. Nilimkuta karakanani, anaunung'unikia ubao. Alinitazama kichwani, nywele zilizoanza kuota kama za kifaranga, akaniwekea karanga mkononi. Nikamweleza yote. Ya mlenda, ya ng'ombe, ya mzee wa Nzuguni. Alicheka mpaka akaketi juu ya maranda. Kisha nikasema lile lililokuwa limenikaa kooni.

"Ila Fundi, nisamehe. Wewe uliketi masika nzima bila kuinuka. Mimi ninachoweza ni kukamua ng'ombe mmoja."

Akaacha kucheka. "Nani aliketi masika nzima?"

"Wewe. Masika ya kwanza. Kibandani."

"Mimi hata siku moja nzima sijawahi kuketi. Huwa nasinzia."

"Lakini Fundi, nilikuona! Nilichungulia mara mbili. Mabega na kofia, hukusogea hata kidogo."

Fundi Apu akatupa karanga nyingine mdomoni.

"Masika ile nilikuwa Gulwe, kwenye reli ya kuelekea pwani," akasema. "Maji yalichukua daraja, nikaitwa alfajiri, nikakaa huko mpaka mvua ikakatika. Ulichokiona ni koti langu. Nilikuwa nimelitundika kwenye msumari, na kofia juu yake, vikauke."